Sura ya Sita: Nanasi Ndani ya Skonzi

Mtu akioka skonzi yenye tunda ndani na ikamharibikia, wa kwanza kulaumiwa ni hamira. Itasemwa imekaa dukani mpaka imeisha nguvu, au imeuawa na maji ya moto, au haikupewa muda. Hununuliwa pakiti nyingine, unga hukandwa upya, na mambo huwa yale yale: chini ya tunda kuna tope la unga usioiva, juu yake kuna pango tupu, na ubavuni mshono umefunguka, jamu imemwagika na kuungulia kwenye trei. Sura hii naiandika kuitetea hamira. Mara nyingi ilitimiza kazi yake yote. Kilichoharibu skonzi ni maji, na maji hayo yaliingia pamoja na tunda.

Jambo hili linawagusa hasa wapishi ambao tayari wanajua unga wa hamira. Pwani yetu haina upungufu wa watu hao. Kuna mikono inayokanda maandazi ya hiliki gizani kabla ya adhana ya alfajiri, na kuna wanaopika kaimati na mkate wa kumimina bila kupima chochote kwa mizani. Lakini hakuna hata kimoja kati ya vyakula hivyo kinachobeba kitu kibichi tumboni mwake. Andazi lina uwazi tu ndani. Mkate wa kumimina ni uji mzito unaoiva wote kwa pamoja. Ukiliweka tunda katikati ya donge la unga, umeweka pamoja vitu viwili vinavyotaka kuiva kwa namna mbili tofauti, katika nafasi isiyozidi kiganja cha mkono. Kimoja lazima kiwe kimeiva kabla ya kumkuta mwenzake, nacho ni tunda.

Nimelichagua nanasi kuwa mfano wa sura nzima kwa sababu ndilo gumu kuliko yote. Anayeweza kuoka skonzi ya nanasi ataoka ya embe na ya tende bila kuhangaika. Tena ni tunda tulilo nalo kwa wingi. Kiwangwa, upande wa Bagamoyo, ukipita msimu wake utayakuta yamepangwa kando ya barabara, na bei hushuka kadiri jua linavyoelekea kuzama, maana muuzaji anajua kwamba nanasi lililoiva halisubiri. Huo ndio wakati wa kununua. Nanasi la jamu halihitaji sura nzuri. Linahitaji kuwa limeiva, na hilo utalijua kwa kunusa kitakoni, si kwa kuvuta majani ya juu kama wengi wanavyofanya.

Sasa tuone nanasi linafanya nini kwenye unga. Gramu 100 za nyama yake zina maji kama gramu 86. Hayo peke yake yanatosha kuleta balaa, lakini nanasi lina silaha nyingine. Ili kuielewa, fanya jaribio dogo. Kanda unga wa ngano kidogo na maji, upate donge la ukubwa wa limau, uliache nusu saa, kisha lioshe taratibu ndani ya bakuli la maji. Maji yatakuwa meupe, utayamwaga, utaweka mengine, mpaka yakome kubadilika rangi. Weupe uliotoka ni wanga. Kitakachobaki mkononi ni kitu cha kijivujivu kinachovutika na kurudi. Hiyo ni gluteni, protini inayoufanya unga wa ngano uweze kushika hewa ya hamira, jambo ambalo unga wa mahindi au wa muhogo hauwezi. Jaribio hili si langu. Lilielezwa na Jacopo Bartolomeo Beccari, msomi wa Bologna nchini Italia, katika andiko lililochapishwa mwaka 1745, na hadi leo ni njia bora ya kumwonyesha mtoto kwa nini mkate unaumuka.

Chukua donge jingine kama lile, ulikande na juisi mbichi ya nanasi badala ya maji, uliache saa moja. Litalegea, litanata vidoleni, na ukilivuta litakatika. Nanasi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, na kazi ya bromelaini ni kukatakata protini. Wapishi wetu wanalijua jambo hili kwa upande wa nyama: nyama ngumu ya mishkaki hupakwa papai bichi ili ilainike. Papai lina kimeng'enya chake, papaini, chenye tabia hiyo hiyo. Kinachotokea kwenye nyama ndicho kinachotokea kwenye gluteni. Kwa hiyo mtu anayekata vipande vya nanasi bichi na kuvifungia ndani ya donge, anaufanyia unga kile kinachofanywa kwenye mishkaki. Na tanuri halitamwokoa, kwa sababu katikati ya skonzi joto hupanda polepole, na katika safari hiyo hupitia nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, ambako bromelaini huwa na bidii kubwa. Kufikia wakati joto la kukiua linapofika, utando uliolizunguka tunda umekwisha kulainika na kuwa tope.

Dawa ni kuchemsha. Nanasi likitokota kwa dakika chache, kimeng'enya hicho hufa kabisa, na ndiyo maana nanasi la kopo, ambalo limekwisha kupashwa moto kiwandani, halina madhara haya. Mpishi wa skonzi haachi kwenye dakika chache, kwani bado kuna suala la maji.

Kwa skonzi 12 utahitaji nanasi moja la wastani, litakalokupa nyama ya gramu 600 hivi baada ya kumenya, kutoa macho na kuondoa kigogo cha katikati. Likwaruze kwa kikwaruzo cha karoti. Blenda hufanya kazi kwa haraka, lakini hulisaga tunda likawa rojo lisilo na uhai, na mimi nataka mlaji akutane na nyuzi za nanasi mdomoni. Weka kwenye sufuria pana pamoja na juisi yake yote, sukari gramu 120, kijiti kifupi cha mdalasini na karafuu tatu. Upana wa sufuria si jambo dogo: maji hutoka juu tu, na sufuria nyembamba yenye kimo itakuchosha mkono na kulibadilisha tunda rangi kabla halijakauka. Karafuu usiiongeze. Ile inayotoka Pemba ina mafuta mengi, na ikizidi, skonzi itanukia kama dawa ya jino.

Moto uwe wa wastani mwanzoni, upunguzwe baadaye. Kwa dakika 15 za kwanza hakuna kikubwa kinachoonekana zaidi ya mvuke. Kisha mapovu hubadilika: yale madogo mepesi huondoka, huja makubwa mazito yanayopasuka kwa kishindo na kurusha matone ya moto, basi hapo shika mwiko mrefu na usiondoke. Rangi itatoka kwenye njano ya kung'aa iende kwenye dhahabu iliyokolea. Buruta mwiko katikati ya sufuria. Kama njia uliyoichora inajaa papo hapo, bado. Kama inabaki wazi unaweza kuhesabu mpaka tatu au nne ndipo kingo zikutane, epua, kamulia nusu ya ndimu, ondoa mdalasini na karafuu. Kilichobaki kitakuwa kama gramu 300, yaani kijiko kikubwa kimoja kwa kila skonzi.

Vitabu vingi vya Ulaya vinaagiza jamu ipimwe kwa kipimajoto mpaka nyuzi 105. Kipimo hicho ni cha watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Mpishi wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kukifuata. Nairobi, ambayo imeinuka mita 1,700 na ushee juu ya bahari, maji huchemka kwa kama nyuzi 94, na jamu iliyo tayari itasoma karibu 99. Mwenye kuifukuza 105 akiwa Nairobi atapata peremende iliyong'ang'ania sufuriani. Njia ya mwiko haidanganyi, iwe Lamu au Limuru.

Wapo wanaoharakisha kwa kukoroga kornflawa kwenye nanasi lililochemka kidogo. Siwashauri. Wanga huyafunga maji tu, hauyaondoi, na mbele ya asidi ya nanasi na moto wa tanuri ule uzito hulegea, maji yakarudi pale pale ulipoyaogopa. Sukari pamoja na uvumilivu ni walinzi bora. Jamu iliyokolea huyashika maji yake yaliyobaki kiasi kwamba hayana haja ya kuukimbilia unga.

Hili wamelijua kwa muda mrefu watu wa Bohemia na Moravia, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Wao wana mikate midogo ya hamira iitwayo koláče, yenye shimo katikati lililojazwa jibini laini, mbegu za mpopi au plamu, tunda ambalo sisi tunaliona likiuzwa Lushoto. Plamu za koláče hupikwa kwa saa nyingi sana, zikikorogwa bila kuachwa, mpaka zinakuwa nyeusi na nzito, na kijadi hazitiwi sukari kabisa. Jamu hiyo huitwa povidla. Wacheki walipohamia Texas, Marekani, kuanzia katikati ya karne ya 19, walikwenda na koláče zao, na mpaka leo mji wa Caldwell hufanya tamasha la mikate hiyo kila Septemba. Huko Texas walitumia sana plamu na aprikoti zilizokaushwa, wakiziloweka na kuzipika. Ukitazama utaona ni busara moja katika sura mbili. Moravia maji yaliondolewa na moto, Texas jua liliyaondoa kabla tunda halijafika jikoni. Kote huko tunda lilipunguziwa maji kabla ya kukutana na unga.

Jamu ipoe kabisa. Ikiwa ya vuguvugu italainisha siagi iliyomo kwenye unga, mshono utateleza, na hamira iliyo karibu nayo itakwenda mbio kuliko ya pembeni. Mimi huipika jioni ya siku iliyotangulia na kuiacha ilale.

Tuje kwenye unga. Gramu 500 za unga wa ngano, ambazo ni karibu vikombe vinne. Maziwa mililita 240. Sukari gramu 60. Yai moja. Siagi gramu 60. Hamira kavu gramu 7, yaani vijiko vidogo viwili. Chumvi kijiko kidogo kimoja kilichojaa. Hiliki iliyotwangwa kijiko kidogo kimoja, na itwangwe siku hiyo hiyo, maana hiliki ya unga iliyokaa dukani huwa imebakiwa na jina tu.

Maziwa yachemshwe mpaka yapande, kisha yapozwe yawe vuguvugu. Sisi tunachemsha maziwa kwa ajili ya usalama, na ni sawa, lakini waokaji wana sababu yao ya pili: maziwa ambayo hayakupata moto mkali yana protini inayodhoofisha gluteni, na donge lake huumuka kwa uvivu. Vuguvugu maana yake ni joto ambalo kidole kikizama hakihisi moto wala baridi. Hamira ni kiumbe hai, na ikifika kwenye nyuzi 55 hadi 60 hufa. Anayependa ladha ya pwani abadilishe nusu ya maziwa kwa tui zito la nazi na kupunguza siagi ibaki gramu 40. Kwa skonzi ya nanasi, hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote.

Sukari inataka maelezo, kwa sababu watu hudhani ni chakula cha hamira, hivyo ikizidi hamira itashiba zaidi. Kidogo, ndiyo. Ikipita kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa unga, mambo hugeuka: sukari huvuta maji kutoka kwenye chembe za hamira, nazo zikinyauka hufanya kazi kwa shida. Katika vipimo nilivyotoa tumeuvuka mpaka huo kidogo. Kwa hiyo ipe hamira nafasi ya kuamka kabla haijakutana na sukari yote. Koroga hamira kwenye maziwa, ongeza unga kikombe kimoja na sukari kijiko kidogo, funika, acha nusu saa mpaka uone mapovu na usikie harufu ya chachu. Ndipo mwage vilivyobaki, isipokuwa siagi. Mdalasini nao usitiwe kwenye unga. Mafuta yake huizuia hamira, na kwa sababu hiyo nimeuweka kwenye jamu. Hiliki, kwa kiasi tunachotumia, haina ugomvi nayo.

Kanda. Kwa dakika tano za mwanzo donge litanata na litakutia hamu ya kuongeza unga. Usiongeze. Unga unaoongezwa kwa hofu ndio unaozaa skonzi kavu, zile zinazohitaji chai ili zimezeke. Endelea kulisukuma kwa kisigino cha kiganja, kulikunja na kulizungusha, na litaanza kujikusanya lenyewe na kuuachia ubao. Likifika hapo, ingiza siagi laini, kipande baada ya kipande. Litaharibika machoni pako, litateleza na kuraruka, kisha litarudi likiwa zuri kuliko mwanzo. Kwa jumla ni dakika 15 za mkono, pengine zaidi. Likiwa tayari litakuwa laini kama ndewe ya sikio, na ukikata kipande kidogo na kukivuta taratibu kwa vidole vya mikono miwili, kitanyooka kiwe chembamba mpaka mwanga upenye kabla hakijatoboka.

Nakazia kukanda kwa sababu skonzi ya tunda inadai gluteni imara kuliko andazi. Utando wake unabeba mzigo. Tena kuna mafuta, mayai na sukari, vyote vikiilainisha gluteni. Asiyekanda vya kutosha ataona jamu imezama hadi chini na kukaa juu ya ngozi nyembamba ya unga, na hapo atailaumu tena hamira.

Kuumuka ni suala la hali ya hewa ya kwenu. Dar es Salaam au Tanga, mwezi wa Februari, saa moja inatosha, na wakati mwingine pungufu. Njombe mwezi wa Julai unaweza kusubiri saa mbili na nusu, isipokuwa umeliweka bakuli karibu na jiko lenye joto. Nyanda za juu zina faida moja: hewa ni nyepesi, gesi hutanuka kwa urahisi, kwa hiyo ukiwa na joto la kutosha donge hupanda haraka kuliko pwani. Usitazame saa. Donge likiwa mara mbili ya lilivyokuwa, liko tayari.

Lipige kidogo litoe hewa, ligawe vipande 12 vya gramu 75 hivi, viringa kila kimoja na uviache dakika kumi chini ya kitambaa kibichi. Dakika hizi watu huziruka, na ndipo donge linapowagomea, kila wakilitandaza linajikunja. Gluteni iliyotoka kuviringwa imekaza. Iache ilegee.

Sasa mkono mwepesi unahitajika. Tandaza kipande kiwe duara la upana wa kiganja, lakini kisiwe na unene mmoja: katikati pawe panene, kingo ziwe nyembamba. Sababu ni kwamba kingo zote zitakutana mahali pamoja zitakapokusanywa, na kama zilikuwa nene, upande huo utakuwa na bonge la unga na upande wa pili utando mwembamba. Weka kijiko cha jamu baridi katikati. Inua kingo, mbili zinazotazamana kwanza, kisha mbili nyingine, zifinye juu, halafu kusanya zilizobaki na kuzifinya tena kwa nguvu. Jamu ikigusa ukingo, ukingo huo hautashika hata ukiufinya mara kumi. Unga mkavu nao huzuia, na mafuta vilevile. Vidole viwe safi, na ubao usinyunyiziwe unga ila pale inapobidi kabisa. Kabla ya kufunga, kusanya kingo zikilibana tunda ili hewa itoke. Hewa iliyofungiwa juu ya jamu ndiyo mwanzo wa lile pango.

Pindua mshono uwe chini, zungusha kidogo kwa kiganja ili uso ukaze, upange kwenye trei iliyopakwa siagi, ukiacha nafasi ya vidole viwili. Zitakapoumuka zitagusana na kusaidiana kusimama. Funika. Hii mara ya pili haihitaji muda mrefu, dakika 35 hadi 45 katika joto la pwani. Bonyeza moja ubavuni kwa kidole: shimo likirudi mara moja, bado, likirudi polepole na kubakiza alama, oka, lisiporudi kabisa, umechelewa, nazo zitanywea tanurini na kuacha uwazi juu ya tunda.

Paka yai lililopigwa na maziwa kidogo. Tanuri liwe nyuzi 180, na trei ikae usawa wa katikati kwa dakika 20 hadi 25. Unga mtamu hubadilika rangi mapema kuliko mkate wa kawaida, na moto mkali utakupa uso mweusi wenye kiini kibichi. Mwenye kipimajoto cha jikoni akichome kwenye unga bila kuigusa jamu: nyuzi 90 zinatosha.

Nyumba nyingi hazina tanuri, na si sababu ya kuacha. Bibi zetu walioka kwa makaa juu na chini muda mrefu kabla ya umeme kufika mtaani. Chukua sufuria kubwa yenye kitako kizito, tandaza mchanga mkavu uliooshwa, unene wa vidole viwili, ifunike na uipashe moto robo saa. Weka ndani yake sufuria ndogo au sinia dogo lenye skonzi, lisiguse pembeni. Funika kwa sinia la bati na upalie makaa juu yake. Kanuni ni ile ile ya mkate wa kumimina: makaa mengi juu, machache chini, kwa sababu mchanga tayari umehifadhi joto, na chini ndiko sukari inakoungulia kwanza. Makaa ya juu yatawanywe yawe mengi pembezoni kuliko katikati. Kwa robo saa ya kwanza usifunue. Baada ya hapo chungulia, geuza sinia kama upande mmoja umetangulia, na zitakuwa tayari kwenye dakika 25 au 30. Kazi hii ifanyike uani au mahali penye hewa nyingi, kamwe isifanyike kwenye chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa ya makaa huua bila harufu.

Ukishalimudu nanasi, matunda mengine hayatakusumbua. Embe lina maji yanayokaribia ya nanasi ila halina ule ukali dhidi ya gluteni. Kinachokosekana ni uchachu, basi liongezee ndimu, na chagua embe lisilo na nyuzi nyingi, dodo kwa mfano, kati ya Novemba na Januari linapokuwa rahisi. Mapera huganda yenyewe yakipikwa, ila yachujwe mbegu. Papai silipendekezi, likipikwa harufu yake inaondoka, kinabaki kitu kitamu kisicho na jina.

Tende ni habari nyingine kabisa, na kwangu ndiyo ya heshima zaidi. Kwa karne nyingi majahazi yaliteremka na kaskazi kutoka Oman na Ghuba, kati ya Desemba na Machi, yakiwa na tende katika shehena yao, na jikoni za Zanzibar, Mombasa na Lamu zikajifunza kuzitumia. Tende imekwisha kukaushwa na jua mtini na baada ya kuchumwa. Haihitaji saa sufuriani. Toa kokwa kwenye gramu 300, zipashe moto mdogo na vijiko vinne vya maji na kijiko kikubwa cha siagi, ukiziponda kwa mwiko mpaka ziwe donge laini, ongeza hiliki na ufuta uliokaangwa. Hakuna sukari ya kuongeza. Donge hilo halimwagiki hata mshono ukifunguka, kwa hiyo anayeanza kabisa aanzie hapa, na mwezi wa Ramadhani ni wakati mzuri, tende zikiwa zimejaa sokoni na kila nyumba ikitafuta kitu cha kufuturu.

Skonzi zikitoka, zipakwe siagi juu zikiwa za moto na zifunikwe kwa kitambaa safi, ili ukoko ulainike. Zisiliwe papo hapo. Unga hupoa haraka, jamu haipoi. Ile sukari iliyokolea hushika moto muda mrefu na inaweza kumchoma mtoto ulimi, basi zipe angalau nusu saa. Ndani ya chombo chenye kifuniko hukaa siku mbili bila kukauka. Siku ya pili zipashe kwenye kikaango kilichofunikwa, moto mdogo, ukinyunyizia matone machache ya maji pembeni. Jamu ikibaki, itie kwenye chupa safi uiweke kwenye friji. Itakaa wiki mbili bila wasiwasi, na Jumamosi nyingine utakuwa na kazi ya unga peke yake.